Lugha ya Mtaalamu wa Afya ya Akili ya Watoto na Vijana: Nafasi ya Kiswahili katika Kumsikiliza Mgonjwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya Kiswahili katika kazi ya mtaalamu anayewahudumia watoto na vijana wenye magonjwa makali ya akili nchini Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba katika taaluma hii lugha si njia ya kupitishia habari tu, bali ndicho kifaa chenyewe cha uchunguzi na sehemu ya tiba. Tunaangazia asili ya majina ya ugonjwa, sarufi inayotumiwa kumweleza mgonjwa, matatizo ya maana katika mahojiano, ukalimani na istilahi. Mwishowe tunapendekeza kazi ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzifanya katika uwanja huu ambao hadi sasa umeachiwa madaktari peke yao.

1.0 Utangulizi

Daktari wa mifupa huitazama picha ya eksirei. Anayetafuta malaria huweka tone la damu chini ya hadubini. Mtaalamu wa afya ya akili hana kipimo cha damu wala picha inayoweza kuthibitisha kwamba kijana aliyeketi mbele yake ana skizofrenia. Alicho nacho ni maneno ya kijana, maneno ya jamaa zake, na mwenendo anaouona kwa macho. Vipimo vya maabara anavyoviagiza huwa ni vya kuondoa uwezekano wa maradhi mengine. Kutokana na hali hii, kosa la lugha katika chumba chake si kosa dogo. Swali likiulizwa vibaya, ugonjwa unaweza kukosa kuonekana, au ukaonekana pale ambapo haupo.

Suala hili lina uzito kwa kizazi chetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Shirika hilo hilo linataja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Kwa takwimu za mwaka 2021 ilikuwa sababu ya tatu. Nchini Kenya, jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, lilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili kwa kawaida husomwa mbalimbali. Makala haya yanajaribu kuvisoma pamoja: je, haki ya afya ya akili inaweza kutekelezwa ikiwa mtoto hana maneno ya kuelezea yanayomsibu, au ikiwa maneno aliyo nayo yote ni matusi?

2.0 Mtaalamu huyu na kazi yake

Tunaposema 'magonjwa makali ya akili' tunakusudia hali zinazovuruga fikra, hisia na mwenendo kiasi cha kumzuia mtoto kusoma, kucheza, kulala au kuishi na wenzake. Mifano ni skizofrenia na aina nyingine za saikosisi, ambapo mtu huona au kusikia yasiyokuwapo na kushika imani zisizotikisika kwa ushahidi. Ugonjwa wa bipola, ambapo hisia hupanda hadi furaha na nguvu zisizo kipimo kisha zikashuka hadi huzuni nzito. Na sonona kali. Skizofrenia ni nadra sana kabla ya umri wa miaka 13. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya 20. Kwa maneno mengine, huanza katika miaka ya mwisho ya shule ya upili na miaka ya kwanza ya chuo kikuu. Msomaji wa jarida hili hahitaji kwenda mbali kumtafuta mhusika. Huenda ni mwenzake wa darasani aliyeacha kuhudhuria mihadhara.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Yumo daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia, mnasihi, mtaalamu wa tiba kwa kazi za mikono na shughuli za kila siku, na afisa wa ustawi wa jamii. Majukumu yao yanaweza kufupishwa hivi:

(a) Kuhakikisha kwamba chanzo si ugonjwa wa mwili. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa na dawa za kulevya zinaweza kumfanya mtoto aweweseke na kuonekana kana kwamba amerukwa na akili.

(b) Kumsikiliza mtoto na jamaa zake hadi picha kamili ipatikane.

(c) Kueleza ugonjwa kwa lugha inayoeleweka, kutoa dawa na kufuatilia madhara yake, kama vile usingizi mzito, kuongezeka uzito, au mikono kutetemeka.

(d) Kuisaidia familia isivunjike, na kumrejesha mtoto shuleni.

Katika majukumu haya yote, ni sehemu ya dawa na vipimo pekee inayoweza kufanyika kwa maneno machache. Yaliyosalia ni mazungumzo. Aidha, mtoto kisheria ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maslahi yake yatangulizwe. Ndiyo maana mtaalamu anapaswa kuzungumza na watu wawili kwa wakati mmoja: mzazi anayetoa idhini, na mtoto ambaye mwili na akili ni vyake.

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ina historia inayoonyesha jinsi lugha na tiba zinavyofuatana. Ilianzishwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, ikiwa na jina la Kiingereza lililomaanisha makao ya wendawazimu. Mwaka 1924 jina hilo lilibadilishwa na kuwa hospitali ya magonjwa ya akili. Mabadiliko hayo, angalau kwa jina, yalimhamisha mkaazi wake kutoka kundi la watu wa kufungiwa hadi kundi la watu wa kutibiwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida ya Wakenya jina la Mathari bado hutumika kama kejeli: 'Huyo apelekwe Mathari.' Jina rasmi linaweza kubadilika kwa siku moja, lakini jina la mdomoni hubadilika polepole.

3.0 Majina ya ugonjwa na asili yake

Kila neno lina kumbukumbu yake. Msamiati wa Kiswahili kuhusu ugonjwa wa akili umehifadhi nadharia mbalimbali za jamii kuhusu chanzo cha ugonjwa huo.

Neno wazimu lina mzizi mmoja na mzimu, mizimu na kuzimu. Mzizi huu unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu ukiwa na maana ya roho za waliokufa. Asemaye 'ana wazimu' anasema, kwa asili ya neno, kwamba mtu huyo amejiwa na roho. Majinuni, neno lenye asili ya Kiarabu, nalo linatoka katika mzizi mmoja na jini. Kwa hiyo, Kibantu na Kiarabu vilipokutana katika Kiswahili vilikubaliana kwamba ugonjwa huu hutoka nje ya mtu na kumwingia.

Kundi la pili linauona ugonjwa kama upungufu au mwendo wa akili. Punguani linatokana na kupungua. Mwehu linatokana na kuehuka. Tunasema pia akili zimemruka, au mtu amerukwa na akili. Neno akili lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake unahusiana na kufunga, kama mtu afungavyo mguu wa ngamia asipotee. Kwa mtazamo huo, akili ni kamba, na mgonjwa ni aliyekatikiwa na kamba.

Kundi la tatu linazungumzia hisia, na hapa Kiswahili ni tajiri mno. Tuna huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, jakamoyo, wahaka na wasiwasi. Hili la mwisho, katika Kiarabu, lina maana ya mnong'ono unaomjia mtu moyoni. Tuna pia kusononeka, ambako ndiko kulikozaliwa istilahi ya sonona. Jambo la kuzingatia ni kwamba msamiati wa hisia haubebi aibu ilhali msamiati wa akili karibu wote ni wa matusi. Kijana anaweza kusema mbele ya wenzake kwamba ana majonzi asichekwe. Hakuna neno la pili analoweza kulitumia kusema kwamba fikra zake zimevurugika, isipokuwa neno ambalo wenzake hulitumia kutukanana uwanjani. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya vijana wengi wafike kwa mtaalamu wakilalamikia maumivu ya kichwa.

Fasihi yetu nayo imelitumia neno kichaa kwa namna yake. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012 na kutahiniwa katika shule za upili, Matuko Weye ni askari wa zamani anayeonwa na jamii kuwa kichaa, lakini ndiye anayetamka hadharani kweli ambazo wenye akili timamu wanaziogopa. Mbinu hii ni nzuri kisanaa. Ila inafaa mwalimu anapoifundisha awakumbushe wanafunzi kwamba nje ya kitabu mgonjwa si kipaza sauti cha mwandishi. Ni mtu anayeumwa, na maneno yake yanapaswa kusikilizwa kwanza kama maneno ya anayeumwa.

4.0 Sarufi ya kumweleza mgonjwa

Mbali na maneno, miundo ya sentensi pia hubeba mtazamo. Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) Kijana huyu ni kichaa.
(2) Kijana huyu ana kichaa.
(3) Kijana huyu amepandwa na wazimu.
(4) Kijana huyu amerukwa na akili.
(5) Kijana huyu anaugua skizofrenia.
(6) Kijana huyu anaishi na skizofrenia.

Katika (1), kitenzi kishirikishi 'ni' kinamlinganisha mtu na ugonjwa wake. Hakuna njeo, wala mwanzo wala mwisho; hali hiyo ndiyo yeye. Isitoshe, anapoitwa kichaa au vichaa, mtu huwekwa chini ya jina la ngeli ya KI-VI, ngeli iliyosheheni vitu, hata kama upatanisho wa kisarufi utamrudisha katika ngeli ya A-WA. Katika (2), muundo wa 'kuwa na' unatenganisha mtu na ugonjwa: alicho nacho mtu anaweza kukikosa kesho. Tofauti ya 'ni' na 'ana' ni ya silabi tu, lakini kwa mtoto wa miaka 14 anayesikiliza mazungumzo ya wazazi wake ni tofauti kati ya hukumu na habari.

Sentensi (3) na (4) zina kauli ya kutendwa. Mtu si mtenda. Ugonjwa ndio unaopanda, akili ndizo zinazoruka. Miundo hii ina faida moja ambayo huenda hatukuitarajia: haimlaumu mgonjwa. Familia inayosema 'amepandwa' haisemi kwamba mtoto amejitakia. Hasara yake ni kwamba inaelekeza tiba kwa aliyepanda badala ya aliyepandwa, na huenda mtoto akapelekwa kukemewa pepo kwa miezi mingi kabla ya kufikishwa hospitalini. Kuchelewa huko kuna gharama, kwa sababu kadiri saikosisi inavyokaa bila kutibiwa ndivyo matarajio ya kupona vizuri yanavyopungua.

Sentensi (5) inatumia kitenzi cha kawaida cha maradhi. Tunaugua malaria, tunaugua kifua, na hapa tunaugua skizofrenia. Inauweka ugonjwa wa akili katika safu moja na magonjwa mengine. Sentensi (6) ina muundo uliozoeleka kwetu kupitia kampeni za kupambana na Ukimwi, ziliposisitiza kusema 'watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi'. Unaufaa ugonjwa wa muda mrefu, ila mtaalamu asiutumie katika siku za mwanzo ambapo bado haijulikani kama ugonjwa utakuwa wa muda mrefu au la. Kumwambia kijana aliyeugua kwa wiki 3 kwamba 'ataishi na' jambo fulani ni kumpa kifungo kabla ya kesi kusikizwa.

Sarufi ya kujiua nayo inahitaji uangalifu. Vyombo vya habari vimewahi kuandika kwamba mtu 'alifaulu kujiua' au 'alishindwa kujiua', kana kwamba ni mtihani. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na lugha ya polisi ndiyo iliyotawala. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Lugha sasa inapaswa kuifuata sheria: aliyejaribu kujiua ni mgonjwa aliyenusurika, si mshukiwa.

5.0 Matatizo ya maana katika mahojiano

5.1 Kusikia na sauti

Kitenzi kusikia katika Kiswahili hubeba zaidi ya kazi ya masikio. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Nalo neno sauti ni la mtu, la redio na la gari. Mtaalamu akitafsiri moja kwa moja swali la vitabu vyake na kuuliza 'Unasikia sauti?', kijana anaweza kujibu 'Ndiyo' kwa kuwa anamsikia mwulizaji mwenyewe, au matatu inayopiga honi barabarani. Swali linalofaa ni refu zaidi: 'Je, kuna wakati ukiwa peke yako unasikia mtu akizungumza, na ukitazama humwoni?' Kisha yafuate mengine: 'Ni wangapi? Wanazungumza nawe au wanakusengenya? Wanakuamuru ufanye jambo?' Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote, maana sauti zinazoamuru zinaweza kumwelekeza mtoto ajidhuru.

Kiswahili kina neno maruweruwe kwa mambo ya aina hii, neno zuri ambalo wengi wetu hulikuta kwenye kamusi tu. Halifai kwa swali la kwanza kwa kuwa mtoto halijui, ila linafaa katika ripoti na vitabu.

5.2 Moyo, kichwa na roho

Mswahili husema 'moyo unaniuma', na maana zake ni angalau mbili. Husema 'moyo unanienda mbio', 'roho inanitoka', 'kichwa kimejaa'. Mtaalamu asiyejua lugha atamtuma mtoto akapimwe moyo. Asiyejua tiba atachukulia kwamba ni majonzi tu. Anayejua vyote viwili huuliza: 'Unauma kama mahali palipogongwa, au kama mtu aliyepata habari mbaya?'

Jambo hili haliko kwetu pekee. Wazungumzaji wa Kishona nchini Zimbabwe wana neno kufungisisa. Msomaji asidanganywe na umbo: katika Kishona kufunga ni kufikiri, na kiambishi cha kuzidisha kinaleta maana ya kufikiri kupita kiasi. Neno hilo limeingizwa katika orodha ya dhana za kitamaduni za mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013. Mradi wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa mwaka 2006 na Daktari Dixon Chibanda umewafunza akina nyanya kuwashauri wagonjwa kwa kutumia neno hilo hilo wanalolijua badala ya istilahi za kigeni. Vijana wetu husema 'nina mawazo mengi'. Kauli hii inastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale.

5.3 Imani

Istilahi 'imani potofu' hutumiwa mara nyingine kwa dhana anazoshikilia mgonjwa wa saikosisi. Ina kasoro. Katika mahubiri, imani potofu ni dini ya mwenzako. Kanuni ya kitabibu ni kwamba imani inayoshirikiwa na jamii ya mtu haihesabiwi kuwa dalili ya ugonjwa. Mtoto akisema kwamba Mungu amezungumza naye, au kwamba kuna pepo nyumbani, mtaalamu hapaswi kubishana wala kukimbilia kuandika. Humwuliza mama kwa adabu: 'Mama, katika dini yenu watu husema hivi? Na anavyosema yeye ni kama wanavyosema wengine?' Mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayejua mpaka ulipo. Atajibu: 'Sisi huomba, lakini huyu haombi. Huyu anagombana na mtu.'

5.4 Sheng na maneno mapya

Mojawapo ya dalili za mvurugiko wa fikra ni mgonjwa kubuni maneno ambayo hakuna mwingine anayeyaelewa. Lakini Sheng ni msimbo unaoishi kwa kubuni maneno, na neno la mtaa mmoja linaweza kutojulikana katika mtaa wa pili. Mtaalamu aliyepita umri wa ujana zamani anaweza kuiandika Sheng kuwa dalili, au kinyume chake, akaisikia dalili na kudhani ni Sheng. Kigezo cha kumwongoza ni cha kiisimu: Sheng ina jamii. Neno la Sheng linafuata upatanisho wa ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, na rafiki wa kijana ataweza kulifafanua. Neno la ugonjwa halina msemaji wa pili. Kumwomba ndugu yake wa rika moja athibitishe maana ni uchunguzi wa kitabibu na ni utafiti wa isimu-jamii kwa pamoja.

Ikumbukwe pia kwamba katika lugha ya mitaani mchizi anaweza kuwa rafiki. Vijana wamelichukua tusi na kulifanya jina la kupendana. Mabadiliko ya maana ya aina hii yanaonyesha kwamba msamiati wa aibu haukuandikwa kwenye jiwe.

5.5 Ukalimani

Mtaalamu anapokosa lugha ya familia, mkalimani hutafutwa. Mara nyingi huwa ni mfagiaji, jirani au ndugu mkubwa wa mgonjwa. Matatizo ni matatu. Kwanza, siri hupotea. Pili, jamaa hufupisha: mtoto husema kwa dakika 5, na mkalimani hutafsiri, 'Anasema hajalala.' Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mkalimani mwenye nia njema hunyoosha yaliyopinda. Mgonjwa anapozungumza maneno yasiyounganika, mkalimani huyaunga ili yaeleweke. Kwa kufanya hivyo ameifuta dalili yenyewe. Katika uwanja huu tafsiri sanifu inaweza kuwa tafsiri ya uongo.

Mkalimani wa kazi hii anapaswa kutumia nafsi ya kwanza ('nasikia', si 'anasema eti anasikia'), kutoongeza viunganishi ambavyo mgonjwa hakuvitumia, na kusema waziwazi: 'Sentensi hii haikukamilika.' Mafunzo haya yangeweza kutolewa na idara zetu za Kiswahili.

5.6 Tafsiri ya hojaji

Hojaji nyingi zinazotumiwa zimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Mojawapo ni ile ya maswali 9 kuhusu sonona ijulikanayo kama PHQ-9, inayouliza jinsi mtu alivyosumbuliwa katika wiki 2 zilizopita. Mojawapo ya majibu yake ni kwamba dalili ilikuwapo katika zaidi ya nusu ya siku hizo 14. Mfasiri asiye mwangalifu anaweza kuandika 'zaidi ya nusu siku', na maana ikawa saa 12 na zaidi. Herufi mbili zimeondoka, na alama ya mgonjwa imebadilika. Ndiyo maana tafsiri za aina hii hurudishwa katika lugha chanzi na mfasiri wa pili, kisha zikajaribiwa kwa wasemaji wa kawaida kabla ya kutumiwa.

6.0 Suala la istilahi

Istilahi si jambo la kamusi tu. Mfano wa Japani unatufundisha. Neno skizofrenia lilibuniwa na Eugen Bleuler mwaka 1908 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Wajapani walilitafsiri kwa maneno yaliyomaanisha 'ugonjwa wa akili iliyopasuka'. Mwaka 1993 chama cha familia za wagonjwa kiliwaomba madaktari walibadilishe jina hilo, na mwaka 2002 likabadilishwa kuwa jina lenye maana ya kutoshikamana kwa fikra. Kabla ya hapo ni zaidi kidogo ya thuluthi moja ya wagonjwa waliokuwa wakiambiwa jina la ugonjwa wao. Miaka michache baadaye walifikia takriban thuluthi mbili. Madaktari walikuwa wakinyamaza kwa kuwa jina lilikuwa haliambiliki. Korea Kusini nayo ilibadilisha jina mwaka 2011 na kuchagua neno linaloashiria ala ya nyuzi inayohitaji kukazwa na kulegezwa hadi ilie vizuri.

Sisi tunasema skizofrenia, neno la mkopo lisilo na maana wazi kwa msemaji wa kawaida. Huenda hilo ni salama kuliko kulitafsiri vibaya, maana neno lisilo na historia halina aibu. Kwa upande wa hisia, hali ni ya vurugu: sonona, mfadhaiko, unyogovu na msongo wa mawazo hutumiwa na waandishi mbalimbali kwa jambo lile lile, ilhali msongo wa mawazo unamfaa zaidi mtu aliyelemewa na mambo ya maisha, awe mgonjwa au la. Usonji, kwa upande mwingine, umefaulu kuingia katika matumizi, na wazazi wa watoto wenye hali hiyo wanautamka bila kuinamisha kichwa. Ni ushahidi kwamba istilahi njema inapopatikana, watu huipokea.

7.0 Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, tasnifu za uzamili zichunguze mazungumzo ya hospitali kwa idhini za maadili zinazohitajika, si magazeti na nyimbo pekee. Pili, vyama vyetu vishirikiane na wanafunzi wa uuguzi na udaktari katika kusawazisha istilahi, na rasimu zijaribiwe kwa wagonjwa na wazazi kabla ya kuchapishwa. Tatu, kozi za tafsiri na ukalimani ziongeze mada ya ukalimani wa hospitali.

Nne, wengi wetu tutakuwa walimu. Mwalimu wa Kiswahili ndiye anayesoma insha za vijana, na insha ni mahali ambapo mtoto huandika yale asiyoweza kuyasema. Insha iliyoanza kuvurugika baada ya mihula mingi ya uandishi mzuri, au iliyojaa mauti, isiishie kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu amwite mwanafunzi kando na kumwuliza kwa maneno ya wazi: 'Je, umewahi kufikiria kujiua?' Wataalamu wanakubaliana kwamba swali hili halipandi wazo ambalo halikuwapo. Humpa mtoto mlango. Asimwahidi kwamba itabaki siri yao wawili. Amweleze kwamba atawahusisha wale tu wanaoweza kumsaidia, kisha ampeleke kwa mnasihi na hospitalini.

Kwamba vijana wanaweza kusaidiana kwa mazungumzo yaliyopangwa si ndoto. Utafiti uliofanywa katika shule za upili za Kenya na kuchapishwa mwaka 2021 na watafiti wa mradi wa Shamiri, wenye jina la Kiswahili, ulionyesha kwamba vikao 4 vilivyoongozwa na vijana waliotoka tu shule ya upili vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi miongoni mwa wanafunzi. Vikao hivyo si tiba ya saikosisi, na anayesikia sauti za kumwamuru anahitaji daktari. Lakini njia ya kumfikia daktari huanza kwa mtu aliyeelewa maneno ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtaalamu wa afya ya akili ya watoto na vijana hufanya kazi kwa lugha kama seremala afanyavyo kazi kwa randa. Tumeona kwamba majina tunayoyatumia yana asili ya mizimu na matusi, kwamba silabi moja hutenganisha hukumu na habari, na kwamba mkalimani anaweza kuifuta dalili kwa kuipamba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022; lugha yetu haina bunge la kuirekebisha, ina wasemaji na wasomi wake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole cha mtaalamu kikijikwaa, ni yeye anayeumia. Ulimi wake ukijikwaa, anayeumia ni mtoto.